Kitambaa cha Mwenye Mto

Vijisamaki vya birika la bafuni vilikuwa vimejibana upande mmoja, vyote, na maji yalinuka tope. Nerea akayaonja. Matamu! Hapa mtaa wa Langoni, kisiwani, ambako kila kisima kina chumvi!

"Hudson, haya si maji yetu," alinong'ona, mkono juu ya mimba yake ya kwanza, iliyokuwa imetimia.

Mumewe akacheka. Bwana mkubwa! Serikali imempa kofia na darubini ya kupimia ardhi, basi kajiona kaumba mito. Alikuwa ametoka bara, Mto Tana, kutafuta mahali pa kujenga bwawa: litoe umeme, linyweshe mashamba, lizuie mafuriko. Wapokomo walimsihi asiguse kitambaa cheupe walichomfungia jini wa mto mtini kama sadaka. Yeye akakifungua mbele yao, akaja nacho nyumbani, akakikata nepi. Nepi! Mtu mzima na akili zake.

Uchungu ulimshika Nerea asubuhi. Hadi adhuhuri chupa ya uzazi haijapasuka, tumbo limekuwa gumu kama jiwe, na ndani ya kuta mto unasikika ukipita.

Bi Mwanaarabu, mkunga na mwenye nyumba, akanusa birika. "Umetwaa nini mtoni, Bwana Hudson? Mwenye mto amezuia mai ya mkeo, kama wewe utakavyo kumzuia."

"Mimi ni mhandisi, Bi. Ushirikina wenu..."

"Mkeo anakufa, baradhuli we! Leta!"

"Mtoto hachezi tena," Nerea akasema.

Ndipo Hudson akazileta zile nepi, amenuna.

"Ndizo zote?"

"Zote."

Bi Mwanaarabu akazifukiza ubani, akamrudishia mwenye mto mle birikani huku akisoma Ayatul Kursi, akamlazimisha Hudson aombe radhi, naye akaomba kama mtu anayemwitikia mtumishi wake, na mto ukaunguruma ukutani, ukakaribia, harufu ya tope ikajaa chumba hadi pumzi zikawa shida, chupa ikapasuka, maji ya kahawia yakamwagika hadi kizingitini, na mtoto wa kiume akatoka nayo akilia.

Alhamdulillahi!

"Mnaona? Muda wake ulikuwa umefika tu," Hudson akasema. Akampakata mwanawe, akachomoa leso mfukoni, akamfuta mdomo. Leso nyeupe. Alikiona kipande kile cha kitambaa cha mto kizuri mno, hawezi kumpa jini kwa amri ya bibi wa Kiamu.

Kilio kikakatika.

"Bwana Hudson," Bi Mwanaarabu akauliza taratibu, "hicho umekitoa wapi?"

Hudson alikuwa akimtikisa mtoto, na maji ya birika yalikuwa yameshafika miguuni mwake.