Chumvi ya Bunge la Milimani

Gunia lilipasuliwa saa nne na nusu asubuhi, Jumamosi ya katikati ya Juni 2018, mbele ya watu wasiopungua mia mbili, na kilichomwagika mezani kilikuwa mchanga.

Mchanga mtupu, laini kama unga, wa rangi ya manjano iliyopauka. Uliteleza hadi ukingoni mwa meza ukadondokea viatu vya wageni wa heshima, na hakuna aliyesogeza mguu. Walikuwa wamekuja kuona chumvi.

Ukumbi ulikuwa ghorofa ya pili ya jengo kongwe katikati ya Johannesburg, ambalo Jumapili ni kanisa. Siku hiyo kuta zilijaa picha za Bunge la Mapinduzi la Milimani, lile baraza lililotawala milima ya juu ya ziwa, Kongo ya mashariki, kwa miaka miwili ya vita, bila benki, bila barabara na bila rafiki. Wapiganaji wake wa zamani leo ni walinzi wa maduka, mafundi cherehani na wauza viatu wa mjini. Walikuwa wamejinyima mwaka mzima wapate siku moja ya kukumbuka kwamba waliwahi kuwa na serikali yao.

Serikali hiyo haikuwa na fedha, basi wabunge walikaa wakapitisha kwamba mishahara ilipwe kwa chumvi. Usicheke. Kule juu chumvi ilinunua mbuzi, ilinunua dawa, ilioa mke. Ilivushwa ziwani usiku, ikatiwa kwenye magunia madogo ghalani, ikapandishwa lori hadi mstari wa mbele. Mwezi wa mwisho wa vita askari walifungua magunia wakakuta mchanga. Mtu atapiganaje bila mshahara, na mboga haina ladha? Walishuka mlimani mmoja mmoja, jeshi likavunjika. Bunge lilikutana mara ya mwisho na kupiga kura: mwizi ni mwenyekiti wa Kamati ya Ugavi, Mama Léocadie.

Kwa miaka ishirini na ushei Mama Léocadie aliubeba wizi huo pamoja na gunia moja. Lilikuwa la mzigo ule ule; lilibaki ghalani kwa sababu lori lilijaa. Alilivusha mipaka yote mgongoni, zito kiasi cha mtoto wa miaka mitatu, akaliweka chini ya kitanda chake mtaani Joubert Park, hapa Johannesburg, wala hakulifungua. Angelifungua peke yake, nani angemwamini? Alisubiri wabunge wenzake na askari wakutane, walifungue wao. Kama ndani ni mchanga, basi ulitiwa ghalani kwake. Kama ni chumvi safi, mchanga uliingia njiani. Jambo lilikuwa jepesi hivyo.

Na sasa mchanga ulikuwa mezani.

Pacifique, mwenyekiti wa chama cha wapiganaji, ambaye wote humwita Kamanda, alichukua kipaza sauti. Alisema kwa sauti ya chini kwamba Bunge halikukosea, na kwamba saa tisa alasiri wanachama watapiga kura ya kumfukuza mama huyu. Chama hicho ndicho huzika watu wake na kusafirisha maiti zao nyumbani. Kufukuzwa maana yake ukifa hapa huna mwenyewe. Mama Léocadie alikaa na mikono mapajani, mdomo wazi kidogo, anautazama mchanga kama mtu aliyeletewa mtoto asiye wake.

"Mchanga huo usifagiliwe," alisema mtu safu ya nyuma.

Alikuwa Nasra, mwanamke wa Tanga, mfupi, wa ushungi wa kijivu, jirani wa Mama Léocadie. Kwao alikuwa mpelelezi wa polisi. Hapa alichunguza madai ya ajali na moto kwa kampuni moja ya bima huko Sandton. Ana tabia moja inayoudhi watu: hakubali kuharakishwa.

Kamanda alimuuliza yeye ni nani katika mambo yao.

"Jirani yake. Nanyi mmemhukumu mara mbili, hamjamhoji hata mara moja. Nipeni hadi hiyo saa tisa."

Akapewa, zaidi kwa aibu kuliko kwa hiari.

Alianza na mchanga. Alichota kidogo, akausugua kwa vidole, na hapo hapo moyo wake ukapata nafuu. Mchanga ule alishauona mara nyingi. Kusini ya mji kuna vilima vya manjano, taka za migodi ya dhahabu ya zamani, na upepo wa Agosti ukivuma vumbi lake huingia kwenye mashine, kwenye vyakula, kwenye mapafu. Madai ya bima ya vumbi hilo yalimpitia mezani kila mwaka. Milima ya Kongo haina mchanga huo. Uliotiwa kwenye gunia ulizolewa hapa hapa Johannesburg, kwa hiyo gunia lililopasuliwa si lile lililokaa chini ya kitanda.

Sasa ni nani alilibadilisha, na lini?

Kamanda alikuwa amelipasua gunia ubavuni kwa kisu ili asiharibu mdomo wake, maana mdomo ndio ulikuwa fahari ya Bunge lile. Kila gunia lilishonwa kwa nyuzi tatu mbele ya wabunge watatu, kila mmoja akishona mstari wake kwa mkono wake: nyekundu ya Ugavi, ambayo ni ya Mama Léocadie; bluu ya Hazina, ya Octave; nyeupe ya Uchukuzi, ya Évariste. Hakuna aliyeruhusiwa kumshonea mwenzake. Hivyo ndivyo watu wasio na polisi walivyolindana. Nyuzi zote tatu zilikuwepo, rangi sawa sawa. Aliyeshona gunia hili aliijua desturi.

Nasra alileta kutoka jikoni gunia tupu la mchele, sindano na uzi, akamwomba Mama ashone kama zamani. Mama alisema hana nguvu. Nasra akamwambia ashone tu, asijali. Mama akaishika sindano, na alipofika mshono wa nne mikono ikakumbuka yenyewe.

"Unashona kwa mkono wa kushoto," Nasra alisema.

"Miye nashonaka na kushoto tangu utoto. Walinichapa sana kwa masista, haikuachaka."

Mishono yake ililalia upande wa kushoto. Nasra aliuweka ule mdomo wa gunia la mchanga pembeni yake. Mstari mwekundu, wa bluu, mweupe, yote mitatu ililalia kulia, kwa urefu mmoja na kwa mkazo mmoja. Mtu mmoja alikuwa ameshona kwa niaba ya watatu, na mtu huyo hakuwa Mama Léocadie. Mama alitazama akaelewa. Aliuficha uso kwenye kitenge chake, mabega yakatikisika.

Walibaki wawili walioijua sindano ile, Octave na Évariste. Watu wote walimnyooshea kidole Octave, na kusema kweli alifaa. Siku hizi ana ofisi ya uhasibu Sandton, viatu vinang'aa, ukumbi kaulipia yeye. Ndiye aliyetoa hoja ya kumhukumu Mama mlimani, na mlinzi wa mlangoni alisema kuwa asubuhi hiyo Octave aliingia kabla ya watu wote akakaa peke yake na gunia.

Nasra alimkuta kwenye ngazi. Octave alikataa kujibu, akasema yeye si mtoto, na kwamba kuna mawakili. Nasra akakaa ngazi ya chini yake akangoja. Mwishowe yule bwana alivua miwani.

"Nilikuja kujizoeza," alisema. "Miaka mingi niko najua moyoni kwamba tulimwonea. Nilitaka, gunia likifunguka na chumvi, nimwombe msamaha mbele ya watu bila kulia. Nilikuwa naliambia gunia."

Uongo wa aina hiyo hautungwi na mhasibu. Na zaidi, mlinzi aliapa kwamba Octave aliingia mikono mitupu akatoka mikono mitupu.

Ikabaki njia ya kutoka Joubert Park hadi ukumbini. Gunia lilichukuliwa Ijumaa mchana na pikapu ya Évariste, mwenye kampuni ndogo ya uchukuzi na ghala lake kusini ya mji, mtu wa watu, mcheshi, mshereheshaji wa siku hiyo. Alimjibu Nasra kwa ukarimu, akimwita dada kila sentensi. Alilipakia gunia mwenyewe, akapita robot, zile taa za barabarani, za Park Station, foleni kama kawaida, akalishusha mwenyewe, basi. Pikapu iko chini, kwenye maegesho ya jengo. Kuna tatizo?

Nasra alisema hakuna, akashuka kutafuta chai.

Kwenye mteremko wa kuingilia magari alikuwepo Mwatumu, Mzanzibari, mpishi wa shughuli, na masufuria yake ya pilau yameziba njia yote tangu Ijumaa jioni. Mwatumu alikuwa amekasirika, na mpishi aliyekasirika huongea. Huyo mshereheshaji wao, alisema, kamsumbua tangu jana. Jana usiku kataka masufuria yaondolewe atoe gari. Leo alfajiri tena. Saa tatu tena, watu wameshajaa juu, eti anafuata barafu.

"Barafu ya nini, na baridi hii? Nikamwambia gari lako litatoka pilau likishaliwa."

Nasra alikunywa chai yake hadi mwisho. Kisha alimwomba mlinzi asimame kando ya pikapu, asiguse kitu wala asiruhusu mtu aguse.

Saa tisa ukumbi ulijaa tena. Nasra alisimama mbele akaeleza taratibu, mchanga kwanza, kisha mishono, kisha njia. Alionyesha gunia la mchele lililoshonwa na Mama na lile la mchanga, yakapitishwa mkono kwa mkono. Ukumbi mzima walikuwa mafundi cherehani. Hawakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Papa Évariste," alisema, "njiani ulikuwa na magunia mawili. Ulipakia la Mama, ukashusha la kwako. Ulikusudia kwenda kulitupa la Mama, masufuria yakakuzuia. Liko chini ya turubai hadi sasa. Nikikosea, mimi mwenyewe nitakuomba radhi hapa hapa, kwa magoti."

Évariste alicheka, akatazama ukumbi umcheke naye. Hakuna aliyecheka. Alisema turubai lile limefunika vipuri tu, na kwamba mgeni wa Tanga anakuja kuwagombanisha ndugu. Kamanda alituma vijana wawili chini. Walirudi wamelibeba gunia dogo, jeusi kwa uzee, mdomo wake una mistari mitatu: mwekundu umelalia kushoto, wa bluu na mweupe kulia.

Kamanda alilipasua kwa kisu kile kile. Hakikumwagika kitu. Ilibidi agonge kwa mpini, maana chumvi ilikuwa imegandamana kuwa jiwe jeupe lenye umbo la gunia. Alivunja kipande, akakitia mdomoni, na yeye, mzee mwenye kovu la risasi shingoni, akaanza kulia bila kujificha.

"Ni chumvi," alisema. "Jamani, ni chumvi."

Évariste alikuwa amekaa chini. Hakuna aliyemshika. Kamanda alimuuliza kwa nini, naye akajibu akitazama sakafu.

"Niliona vita vimeisha. Kila mtu aliona, ni vile tu hawakusema. Nikasema chumvi hii itaangukia adui, afadhali nivushe ziwa niuze. Nilitia mchanga ili magunia yawe na uzito. Lori langu la kwanza lilitoka pale. Juzi mliposema gunia lifunguliwe, niliona nitakufa."

"Vita havikuwa vimeisha," alisema Mama Léocadie. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo asikike ukumbi mzima. "Ulivimaliza wewe. Na mdogo wangu alikuwa kule juu, alikataa kushuka. Alisema dada atatuma tu."

Kamanda Pacifique alimwendea, akapiga magoti, akaanza kuomba samahani kwa niaba ya askari wote. Mama alimshika bega akamwinua.

"Simama, Kamanda. Ninyi mlikuwa na njaa. Walionihukumu ni Bunge, na walinihukumu kwa kura. Nataka kura."

Wabunge waliokuwa hai na waliokuwepo ukumbini walikuwa saba. Octave alipanda mbele, akatoa hoja kwamba hukumu ifutwe, na sauti yake ikakatika katikati kama alivyoogopa. Kanuni yao ilikuwa kali: hukumu ya Bunge haifutwi ila kwa kauli moja ya wabunge wote waliopo, mwenye kesi asipige. Mikono mitano ilipanda mara moja. Hapo ndipo watu walipohesabu, wakagundua kwamba wa sita ni Évariste, wakaanza kunung'unika. Mmoja wa nyuma alisema mwizi atolewe, si mbunge tena.

"Ni mbunge," alisema Mama Léocadie. "Hatujamwondoa. Sisi hatukuwa genge, tulikuwa Bunge." Akageuka. "Mheshimiwa Évariste, kura yako."

Vyombo vya Mwatumu vilisikika chini. Évariste alimtazama mwanamke ambaye yeye alimtwisha mzigo wake miaka yote hiyo. Kama angeukalia mkono wake, Mama angebaki mwizi kwa kanuni, na yeye alilijua hilo kuliko wote. Alisimama. Aliuinua mkono wa kulia taratibu, ule aliomshonea Mama uongo kwa uzi mwekundu, akaushikilia juu huku machozi yanamtoka.

"Kwa kauli moja," Octave alitangaza.

Vigelegele vilianza safu za nyuma, kwa wanawake, vikashuka ngazi hadi barabarani. Mama Léocadie alibaki amesimama wima, kidevu juu, mpaka askari wa mwisho alipomaliza kumpigia saluti.