Maranda na Ngurumo

Kila akirudi kutoka shuleni, Kidoti alianza kwa kufagia uani, na Maranda akamfuata nyuma, akitawanya takataka alizokwisha kukusanya. Babu, aliyekuwa seremala, ndiye aliyempa mbwa huyo jina, kwa kuwa alipokuwa kijibwa alipenda kulala kwenye maranda, yale maganda membamba ya mbao yanayodondoka seremala anapopiga randa. Siku hizo mvua ikinyesha, babu aliendelea na kazi, na mbwa akasinzia miguuni pake.

Sasa babu hayupo. Ngurumo ikisikika, Maranda alitetemeka, akahema na kukwaruza mlango mpaka kucha zikatoka damu. Baba akasema mlango ukiharibiwa tena, mbwa atapelekwa ghalani kazini kwake, kwa mlinzi, akafungwe mnyororo.

Mama akamwita daktari wa mifugo. Daktari alimpima Maranda uzito, akaeleza kwamba hofu ile ni ugonjwa, si ukaidi, na kumchapa kungeizidisha tu. Aliacha vidonge vya kumtuliza: apewe nusu kidonge mara mawingu yanapokusanyika. Tena atengewe pembe tulivu, iliyo na nguo yenye harufu anayoijua.

Kidoti alikumbuka aproni ya babu, aliyoivaa akiranda mbao. Aliifua vizuri kwa sabuni, akaitandika chini ya meza katika karakana ya babu.

Jumamosi mchana mawingu yakatanda, nao wote wakaingia karakanani. Mama alificha nusu kidonge ndani ya tonge la chakula, Maranda akalimeza. Lakini mvua ilipoanza kupiga bati, mbwa alinusa aproni, akaipa kisogo, akaenda mlangoni. Baba akaukodolea macho mlango. Kidoti akachukua pakiti ya vidonge.

"Mama, tumwongezee. Nusu haimtoshi."

"Weka chini, mwanangu. Daktari alimpima mbwa, hakupima huruma yako. Hebu niletee hiyo aproni."

Mama aliinusa, akacheka taratibu. "Umemfua babu yako. Inanukia sabuni tu."

Kidoti alilengwalengwa na machozi. Alitaka tu Maranda apate kitanda safi.

Mama alitungua randa ukutani, ilikokaa tangu msiba, akabana ubao mezani. Alisukuma kombokombo, akisema babu angemcheka. Maranda yakaanza kudondoka, harufu ya mbao ikajaa chumbani kama zamani. Mbwa aliacha mlango. Alizunguka kidogo, akajilaza juu ya maranda hayo, pumzi ikishuka polepole.

"Nipishe, unauonea huo ubao," baba alisema, akashika randa.

"Na ghalani je?" Kidoti aliuliza.

"Huko nani atamrandia?"

Mama alimvuta binti yake karibu. "Dawa tuipe nafasi, kwa kipimo chake. Ila mwenye hofu anahitaji pia kitu anachokijua, na mtu wa kukaa naye. Hayo daktari hawezi kuyatia kwenye pakiti."

Nje kulinguruma tena. Maranda aliinua sikio moja, akalilaza.