Suruali Mbili za Filemon

Katika watu wote waliokuwa wakisukumana soko kuu la Moshi asubuhi ile ya mwaka 2000, Filemon alimkanyaga Dominika.

"Samahani, mama," alisema kabla hajainua macho.

"Mama wa nani?"

Sauti hiyo hakuwa ameisikia kwa miaka kumi na miwili, tangu alipokwenda Mwanza kufundisha hesabu; mwezi ule ndipo alipohamishiwa shule ya Moshi. Dominika alikuwa amevaa gauni la kitenge cha njano, mkononi ameshika gurudumu la baiskeli. Siku hizi alikuwa na duka la baiskeli za mitumba, zile za gia nyingi na matairi yenye meno. Umri ulikuwa umemkaa vizuri. Filemon alijaribu kuvuta tumbo ndani, likakataa.

"Umenenepa, meku," alisema Dominika, akimwita mzee kwa Kichagga. "Ulioa?"

"Sikuoa. Na wewe?"

"Wenseslaus ananitaka. Jumapili wazee wake wanapanda kwa baba, Uru, kusikia jibu langu."

"Utawajibu nini?"

"Mwaka themanini na nane kuna mtu aliahidi kuja kwa baba siku ya Jumapili. Mama akapika ndizi za watu ishirini. Hakutokea. Tulizila mpaka Jumatano."

"Naweza kueleza, Domi."

"Njoo na isale ueleze mbele ya baba. Na uje kwa njia yako ile ya msituni, kwa baiskeli, nione kama ni wewe kweli."

Isale ni ule mmea ambao Wachagga huzungushia vihamba vyao, mashamba ya migomba ya nyumbani. Aliyekukosea akikuletea jani lake, huna ruhusa ya kumfukuza. Filemon aliondoka dukani kwa Dominika na baiskeli nyekundu ya kuazima, amejaa matumaini.

Ijumaa simu ililia katika ofisi ya walimu.

"Umefanya mazoezi?" aliuliza Dominika.

"Kila jioni, mpenzi. Uwanja wa shule."

"Uwanja wa shule una mizizi?"

"Hauna."

"Basi umefanya mazoezi ya kukaa."

Jumapili Filemon alianzia Kibosho, suruali ya kijivu imepigwa pasi, jani la isale mfukoni mwa shati. Njia ilikuwa nyembamba, upana wa nyayo mbili, imejaa majani mabichi na ukungu. Mwanzoni aliogopa. Kisha mwili ukakumbuka wenyewe: makalio nyuma, magoti yamelegea, breki kidogo kidogo. Matawi yakamchapa mabega, akacheka peke yake msituni. Alijiona ana miaka ishirini na sita.

Tumbo ndilo halikukumbuka. Kwenye mteremko wa mwisho, juu ya kihamba cha kina Dominika, baiskeli iligonga mzizi ikasimama. Filemon aliendelea. Alibiringika, akashika alichokipata, akaishia katikati ya ua wa isale. Jani la mfukoni halikuwepo tena. Suruali ilikuwa imechanika nyuma, kuanzia mkanda hadi gotini.

Ng'ambo ya ua wazee wa Wenseslaus walikuwa wakicheka na kunywa mbege.

Vicheko kama hivyo alivisikia mwaka ule, akiwa amesimama papo hapo na suruali ya kaka yake imechanika vilevile. Aliona haya akarudi nyumbani. Kesho yake akaona haya ya kuona haya, na haya hizo zikamfikisha Mwanza. Sasa miguu ilianza kurudi tena. Lakini alikuwa mwalimu wa hesabu: miaka thelathini na nane, ukiongeza mingine kumi na miwili ya kukimbia, ni hamsini. Akapenya ua.

Wote waligeuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alijibu mzee Basili, baba yake Dominika. "Hicho mkononi ni nini?"

Filemon alitazama ngumi yake. Alikuwa bado ameshika alichokishika wakati anaanguka. "Isale, baba. Nimekuja kuomba msamaha."

"Isale langu. Umeling'oa kwenye ua wangu."

"Ndiyo, baba."

Dominika alikuwa amesimama mlangoni. "Na siku ile?"

"Mzizi uleule. Suruali ilichanika, nikaona haya kuingia."

"Suruali." Dominika alitoka mlangoni akamsogelea. "Miaka yote hii najiuliza nina kasoro gani, Filemon."

"Hukuwa nayo. Mimi ndiye niliyekuwa mwoga."

Dominika alijaribu kukasirika, lakini alipomzunguka na kuona nyuma, kicheko kilimshinda, na machozi yakaja pamoja nacho. Akachukua jani. Akavua khanga mabegani, akamfunga nayo kiunoni kwa fundo gumu.

"Baba, isale nimelipokea," alisema, kisha akawageukia wageni. "Wazee wangu, mtaniwia radhi. Jibu langu ndilo hili lililofungwa khanga."

Mzee Basili aliutazama ua wake uliobomoka. "Kaa, kijana. Kabla ya mahari tutaongea habari za ua."

Filemon alikaa kwa uangalifu. Kutoka jikoni mama yake Dominika aliuliza kama safari hii mgeni ameingia ndani kweli. Alipoambiwa ameingia, ndipo akainjika ndizi.