Namba Tatu ya Josephat

Kila jioni, baada ya kuteka maji na kuosha vyombo, Kokugonza alikwenda kwenye kibaraza cha Fundi Masele kusikiliza habari za mpira. Fundi alikuwa akirekebisha nguo za mitumba pale Mabatini, na ndiye aliyekuwa kocha wa timu ya mtaa, Mawe Matatu. Mashabiki walimzunguka, kila mmoja akijiona kocha kuliko kocha mwenyewe. Hata Mama Paskazia, aliyekaanga mapanki, mifupa ya sangara yenye mabaki ya nyama, karibu na kibaraza, alipanga kikosi chake huku akigeuza samaki.

Safari hii walikuwa na hofu. Jumapili ya wiki iliyofuata wangecheza na Njia Panda ya Usagara, timu ambayo haikuwa imefungwa tangu mwaka uanze. Hakuna aliyewahi kuiona. Kokugonza, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa anakwenda Usagara Jumamosi kumsalimia mama yake mdogo, hivyo Fundi akamtuma.

"Wewe mpira unaujua kuliko hawa wapiga domo," alimwambia. "Jioni wanafanya mazoezi. Watazame vizuri, utuletee habari."

Kokugonza alikwenda. Lakini aliwakuta binamu zake wakicheza rede, wakirushiana mpira na kuukwepa, nayo rede ikamnogea mpaka akasahau alichotumwa. Alipokumbuka na kukimbilia uwanjani, alikuta mbuzi tu wakila nyasi golini.

Jumatatu jioni walimsubiri watu wanane. Mama Paskazia alikuwa amemwekea panki lenye nyama nyingi. Kokugonza aliona haya kusema kweli mbele ya macho yote yale.

"Wana winga wa kulia," alianza, "mrefu kama nguzo ya umeme! Mipira yote wanampigia juu."

Kadiri walivyoshangaa, ndivyo alivyozidi kuongeza. Alisema winga huyo alikuwa mzito wa mbio, lakini kwa vichwa hakuwa na mpinzani.

"Basi Josephat hamwezi," alisema shabiki mmoja. "Mpira utampita juu kama ndege. Aingie Pius, yeye ana urefu."

Wote wakakubali. Josephat, beki wa kushoto, alikuwa kijana mfupi aliyebeba mizigo ya samaki mwaloni, kule mitumbwi inakoshushia. Alikuwa papo hapo, lakini hakununa. Alimgeukia Kokugonza.

"Ahsante, mdogo wangu, umetusaidia," alisema. "Ila nimeshamwambia mama aje kutoka Misungwi. Hajawahi kuniona nikicheza. Basi, ataniona nimekaa."

Ile ahsante ilimuuma Kokugonza kuliko matusi. Wiki nzima dhamiri ilimsuta. Kila alipomwona Josephat barabarani alijificha nyuma ya vibanda. Alijua ni yeye aliyemnyima nafasi yake.

Jumamosi mchana alimkuta Fundi akifumua namba tatu mgongoni mwa jezi ndogo ya Josephat, aishone kwenye jezi kubwa ya Pius. Jezi zenyewe zilitoka mitumbani, hakuna mbili zilizolingana. Wembe ulikata uzi mmoja, kisha wa pili. Kokugonza hakuweza kuvumilia tena.

"Shikamoo, fundi. Tafadhali usifumue."

"Marahaba. Nisifumue kwa nini?"

"Wale wa Usagara sikuwaona. Nilicheza rede mpaka wakamaliza mazoezi. Yule winga nilimtunga mwenyewe." Machozi yakamtoka.

"Yesu wangu!" Mama Paskazia alipiga kelele. "Na panki langu ukala!"

Fundi aliweka wembe chini.

"Mjumbe hauawi," alisema. "Ungesema umewakosa, tungecheka, yakaisha. Asiyejua hujihadhari. Aliyedanganywa hujiona anajua, na hapo ndipo anapoumia." Akampa sindano na uzi. "Namba hii utairudisha wewe, kwa mkono wako. Kisha utampelekea mwenyewe jezi yake, umwambie kama ulivyoniambia mimi."

Sindano ilimchoma Kokugonza mara tatu, lakini hakulalamika. Kumkabili Josephat kulikuwa kugumu zaidi. Josephat alimsikiliza mpaka mwisho, akaitazama ile jezi.

"Umeniumiza," alisema. Kokugonza aliinamisha kichwa. "Na namba umeishona upande." Hata hivyo akaivaa.

Jumapili, winga wa kulia wa Usagara alionekana. Alikuwa mfupi kuliko Josephat, na mbio zake zilitisha. Pius asingemgusa hata kivuli. Josephat alimng'ang'ania kuanzia dakika ya kwanza hadi ya mwisho, na mchezo ukaisha bila bao. Mama yake, Ng'washi, alizunguka uwanja mzima akiwaambia watu, "Yule mwenye namba ya upande ni mwanangu!"

Jumatatu mashabiki walikutana tena kibarazani. Wapinzani waliofuata walikuwa wa Igoma, nao walisifika.

"Nani atakwenda kuwatazama?" aliuliza Fundi.

Watu walitazamana. Kokugonza alijibanza nyuma ya cherehani.

"Aende Kokugonza," alisema Josephat.

Mama Paskazia aliguna, lakini Fundi akakubali kwa kichwa.

"Umesikia, mwanangu?" alisema. "Uliyemkosea ndiye anayekuamini tena, kwa sababu uliusema uongo wako kwa kinywa chako mwenyewe. Nenda. Ukiwaona, utuambie ulichokiona. Ukikuta mbuzi, tuambie umekuta mbuzi."