Kapu la Matundu Mawili

Jumamosi ile tulikula wali na samaki mkavu, kisha nikamwomba baba mdogo Crispulo anisindikize ngomeni, ambako siku hizi ni makumbusho ya vita. Yeye ndiye aliyenilea tangu Wajapani walipomchukua kaka yake, baba yangu Nicanor, nikiwa na miaka sita. Nilijifunza kusoma uzeeni ili nilisome jina la baba kwenye ukuta wa wahanga uliopo pale, kwa macho yangu.

“Wafu hawana haja ya wageni,” alinung’unika. Alikuja hata hivyo.

Marivic, binti anayetembeza wageni, alikuwa na kapu la ukili lenye matundu mawili. Wakati wa vita, Wajapani walimvika msaliti kapu la namna hiyo kichwani asitambulike. Watu walipangwa mbele yake, na aliyeinamiwa kichwa na mvaaji hakurudi kwao.

“Hili nimelisuka juzi, la picha tu. Vaa, Babu! Au unaogopa kuharibu nywele?”

“Zilishanikimbia zamani,” alicheka, akalivaa.

Matundu yalikaa kisogoni. Aliyageuza mbele kwa kidole kimoja, bila kupapasa, akaipitisha kamba ya kapu chini ya kwapa la kushoto na kuifunga.

Marivic aliacha kucheka. “Babu, nani kakwambia inafungwa hapo?”

Aliuelekea ukuta. Kichwa kikainama.

Nilisoma jina lililokuwa mbele yake: Teodulo Abad. Alipiga hatua. Kikainama tena. Jina baada ya jina.

“Acha mzaha, Baba,” nilinong’ona.

“Si mimi. Nishike kichwa.”

Nilikishika kwa mikono miwili. Kilinishinda nguvu.

Jina la kumi na nne lilikuwa la mwisho. Nicanor Villacorte. Alisimama. Nilimwomba Mungu shingo ile ikakamae.

Iliinama. Mara mbili.

Sauti ikatoka ndani ya kapu: “Kaka alinitambua kwa miguu.”

Marivic alikata kamba. Uso wa baba mdogo ulikuwa na chapa ya ukili, kuanzia paji hadi kidevu, isipokuwa duara mbili za macho. Daktari alisema itafutika kabla ya jioni.

Huu ni mwaka wa tatu, na chapa bado ipo. Hana mwingine wa kumtunza, kama mimi nilivyokuwa sina mwingine utotoni. Kila asubuhi namnawisha kwa maji ya vuguvugu, nikizipima duara zile kwa ncha ya kidole. Zamani kidole gumba kilienea ndani yake. Sasa hata cha mwisho hakienei.