Enoka, Upo?

Haya aliniambia Ketrina, aliyekuwa jirani yangu pale kijijini Ruanda, siku alipokuja kututembelea, tunachambua kahawa uani. Hakuwa mtu wa kuongeza chumvi.

Ketrina alizaa mapacha, Enoka na Yesaya. Yesaya aliendesha lori. Enoka alikuwa fundi kompyuta Tunduma, kwenye ofisi moja ya kupitisha mizigo mpakani. Siku moja alikuwa anafunga mashine mbili zitunze makaratasi yaleyale ya ofisi nzima. Moja ikizima, ya pili inashika kazi hapohapo, wala mtu hajui. Akazibandika majina: Enoka, Yesaya.

"Fundi, umezibatiza bila mchungaji?" wenzake wakamcheka.

Mimi sijasoma, nasema nilivyoelezwa. Kati ya mashine hizo kuna waya. Zinaulizana kutwa: Upo? Nipo. Ikinyamaza moja, iliyo hai inaizima ile kabisa, isije ikazinduka nusunusu, zote mbili zikaandika karatasi moja, kila moja ikisema mimi ndiye. Ndiyo sheria yake.

Kabla hajaiweka sheria hiyo, simu ikalia. Lori la Yesaya limepinduka mteremkoni, karibu na Mlowo.

Tukamzika. Enoka hakulia. Mama yake akahamia kwake Tunduma.

"Umebaki peke yako, mwanangu. Usiniache."

"Sikuachi, mama."

Akarudi kazini. Imebaki sheria ile tu: aiambie mashine ya Enoka iizime ya Yesaya ikinyamaza. Mkono ukagoma.

"Nimemfukia juzi," akamwambia Jenista, dada wa pale ofisini. "Leo nimzime tena?"

Akaacha hivyohivyo.

Mchana mmoja, jua kali, Jenista anafagia, akajikwaa. Waya ukachomoka. Mashine zikaacha kusikiana. Lakini kwenye kioo cha ile ya Enoka yakatokea maneno.

Enoka, upo?

Waya uko sakafuni.

"Kaka, usijibu," Jenista akanong'ona.

Akajibu. Akaandika: Nipo.

Jioni akarudi nyumbani, alikokuwa mama yake. Akanawa. Akakaa. Akala kwa mkono wa kushoto.

Wa mkono wa kushoto alikuwa Yesaya.

Ketrina akasimama na bakuli la maharage. "We nani?"

"Mama, hata wewe unatuchanganya?"

"Enoka yuko wapi?"

Akamtazama kwa huruma, wajukuu zangu. Kwa huruma kabisa.

"Si tulimzika, mama? Ulilia mwenyewe."

Mpaka anaingia kaburini, Ketrina alikuwa anampikia. "Mtoto ni mtoto," aliniambia, "nimfukuze yupi?" Ila akimwona amelala, alikuwa anamlilia yule mwingine. Na hakuwa na kaburi la kwenda kumlilia.

Ile mashine ya Enoka waliichomoa, wakaitupa stoo. Haina waya hata mmoja. Jenista anasema ukiiwekea kiganja, ina joto. Joto dogo tu, kama paji la uso la mtoto aliyelala.

Haya, zimeni taa, mlale. Na mkisikia mnaitwa, msiitike mpaka mmemwona mtu.