Sindano ya Saa Moja Asubuhi

Marehemu alikuwa bado juu ya meza ya upasuaji, mshono safi, mdomo wazi kidogo. Fundi cherehani, miaka arobaini na mitatu. Uvimbe wa tumboni ulishatolewa salama salimini. Ila mwenyewe hakuamka.

Inspekta alimkaribia. Maiti za barabarani alizizoea. Huyu alilala kwa hiari yake, akiwaamini watu.

"Ulimzidishia dawa?"

"Hapana, afande." Daktari wa usingizi alivua glovu. "Tulimngoja aamke, akashikwa na degedege, moyo ukasimama. Kupima damu, sukari karibu imekwisha."

"Sukari tu inaua?"

"Ubongo hauna ghala. Unaishi kwa sukari inayoletwa na damu, dakika kwa dakika. Ukilazwa usingizi unatumia kidogo zaidi, lakini lazima ulishwe. Aliye macho angetoka jasho, angetetemeka, angepiga kelele. Huyu angemwambia nani?"

"Ulipima lini mara ya mwisho?"

Daktari akafungua faili. "Saa mbili, kabla ya kumlaza. Ilikuwa sawa. Kwa muda wa saa nne nzima sikurudia."

"Hayo utayaandika kwenye maelezo yako."

Inspekta akafunua shuka. Kwenye paja la kushoto palikuwa na alama ndogo ya sindano, bado nyekundu.

"Hii ni yenu?"

"Sisi hatukumdunga pajani."

Muuguzi wa wodi, aliyekuwa ameitwa kutoa maelezo, alijibu huku akirudi nyuma hadi ukutani. "Alikuwa na kisukari. Sindano yake ya kushusha sukari tuliizuia, maana hakula kitu. Saa kumi na mbili asubuhi sukari ilikuwa juu. Nikasema isiposhuka, upasuaji unaahirishwa tena. Ingekuwa mara ya tatu."

"Nani alisikia?"

"Yeye na dada yake."

Dada alikuwa kwenye benchi la ukumbini, mkoba kifuani. Inspekta aliketi kando yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ameamka?"

"Mama, asubuhi ulimdunga sindano?"

Mkoba ukabanwa zaidi. "Saa moja. Si ilishuka? Si walimpokea?"

"Kiasi gani?"

"Mara mbili ya kawaida. Mwenyewe alikataa, nikamwambia, mimi dada yako nitakudhuru? Wameturudisha mara mbili, na uvimbe unakua. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa nitamzika."

Inspekta akamgeukia. Hakukuwa na namna ya kulizunguka.

"Hakuamka, mama. Ile dawa iliendelea kuishusha sukari akiwa usingizini. Ubongo ukakosa chakula. Amefariki."

Mwanamke akageukia mlango wa chumba cha upasuaji.

"Chakula," akasema. "Mama yetu alifariki, akaniachia huyu mdogo wangu akiwa na miaka minne. Nimefua nguo za watu, nimebeba mchanga. Siku hata moja sikumlaza na njaa."

Kisha akasimama mwenyewe, akauliza gari la polisi liko upande gani.